Damu ya Upande wa Mama

Mpendwa Mjomba Kariuki,

Jumapili iliyopita mwanamke mmoja alinisimamisha nje ya kanisa, akanishika mkono kwa huruma, akaniuliza kama ni kweli kwamba pombe ndiyo iliyokumaliza. Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyosikia Elburgon, na Elburgon wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka mingi. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu watu walikuwa wanatoka ibadani na binti yangu Njeri alikuwa ananivuta sketi. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea na jibu refu moyoni, na wewe ndiye ninayetaka kulisema mbele yako. Ndiyo maana barua hii siifungi kwenye bahasha. Walikuita mlevi hadharani, basi nami nitasema hadharani.

Kwa wasiokujua: ulikuwa mdogo wake mama yangu, kitinda mimba wa Shosho, bibi yangu mzaa mama, na fundi wa mbao tangu ujana wako. Baba alipotutoka nikiwa darasa la pili, wewe ndiye uliyekuwa ukija Jumamosi na unga wa mbao kwenye nywele, ukakaa jikoni; miaka ya baadaye ukawa unamwambia Mama, "Sema na uso wangu," kwa sababu masikio yako yalikuwa yameanza kukataa. Ulisema msumeno wa kiwandani ndio uliokula masikio. Sote tuliamini. Nani asingeamini, kwa kelele zile?

Unakumbuka nilipoitwa kidato cha kwanza? Wasichana wote walikuja na masanduku ya bati. Wewe ukanitengenezea la mbao ya mkangazi, lenye kona zilizoshikana bila msumari hata mmoja. Lilikuwa zito kiasi kwamba watu wawili walilibeba kutoka getini hadi bwenini huku wakilaani, na mimi nikaona aibu hadi nikalia. Usiku wa kwanza nikalifungua, nikasikia harufu yako na ya karakana yako, nikalala. Sijawahi kukuambia kuhusu aibu ile. Nisamehe. Leo nisingelibadilisha kwa masanduku yote ya Nakuru.

Mwaka uo huo ndipo ulipoacha kumleta Nyambura nyumbani.

Nilikuwa nampenda Nyambura. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na kiwanda chenu, na alikuwa anacheka kwa mwili mzima. Mama alikuwa ameshaanza kumwita wifi. Halafu ghafla hakuja tena. Mama alipokuuliza, ulisema tu, "Mambo ya Nyambura yameisha," ukaendelea kula. Mwaka uliofuata tukasikia ameolewa na mwanamume wa upande wa Molo. Hukuleta mwingine. Watu wakaweka maneno yao pale ulipoacha nafasi, kama kawaida ya watu.

Walikuwa na maneno mengi kutuhusu. Shosho alikufa akiwa kiziwi, ana sukari, na anatembea akishika kuta kama mtu aliye ndani ya lori linalokwenda. Mama akafuata njia ile ile: sukari, masikio, halafu kifafa kilichomjia ukubwani na kumwondoa akiwa hajafika miaka hamsini na mitano. Walisema ni laana ya mti mkubwa ambao Babu aliukata alipopewa shamba. Babu wa watu alikufa akiamini kwamba shoka lake ndilo lililotuua.

Halafu miguu yako nayo ikaanza. Agosti mwaka jana ulianguka kwenye steji ya matatu Elburgon mchana kweupe, mbele ya watu, na ulipojaribu kuinuka ulimi ukawa mzito. Makanga mmoja akakuambia, "Mzee, enda nyumbani ulale, leo umezidisha." Wewe ambaye hata divai ya meza ya Bwana ulikuwa unaigusa tu kwa mdomo. Habari ikafika kwa wazee wa kanisa lako, wakakusimamisha ushirika. Nilipokuja kukuchukua nilikuwa na hasira. Nikakuuliza kwa nini hukujitetea.

"Ningewaambia nini?" ulisema. "Hata mlevi husema hajalewa."

Tukakuleta hapa Kiamunyi, kando ya mji wa Nakuru, mimi na mume wangu Mwangi. Ulikubali kwa sharti moja tu: kwamba utaleta randa yako na vipande vyako vya mbao.

Nataka watu wajue kuhusu yule daktari kijana aliyetupokea mjini Nakuru. Wengine kabla yake walikuwa wameangalia kitu kimoja kimoja: huyu sukari, yule masikio, mwingine miguu. Huyu dada alikuangalia ukitembea kutoka mlangoni hadi kitandani, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Mama mzazi wa mzee, yaani shosho yako, alikuwa anasikia vizuri?"

Nikamweleza. Akachukua karatasi, akachora wanawake kwa duara na wanaume kwa mraba, na kila aliyeumwa akamjaza wino. Shosho. Mama. Wewe. Dada yake Shosho wa kule Njoro, ambaye watoto wake wawili ni viziwi. Halafu akauliza kuhusu kaka yake Shosho, yule aliyekufa kwa sukari huku haoni wala hasikii. Watoto wake saba je? Nikafikiri. Wazima, nikasema. Wote saba ni wazima.

Alinisukumia karatasi. "Nimesikia wewe ni mwalimu wa biolojia. Hebu angalia hapa uniambie unaona nini."

Mjomba, nilikuwa nimefundisha somo lile kwa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka nachora seli ubaoni, nachora mitokondria ndani yake, nawaambia wanafunzi kwamba hapo ndipo chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu, na kwamba mitokondria zina vinasaba vyake zenyewe, mbali na vile tunavyopata kwa baba na mama. Vyake hutoka kwa mama peke yake, ndani ya yai lake. Nawaambia waandike, wanaandika, kengele inalia. Sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa ninachora ukoo wetu. Wino ulikuwa umeshuka kwa Shosho na dada yake hadi kwa watoto wao. Kwa kaka yake ulifika ukaishia pale pale.

Daktari akanieleza kwamba kosa dogo kwenye vinasaba vile huzifanya mitokondria zishindwe kazi, na viungo vinavyokula nguvu nyingi ndivyo vinavyoanza kulia njaa: sikio la ndani, ubongo, misuli, moyo, na kongosho linaloshughulikia sukari. Seli za ubongo, alisema, hazina akiba. Zikikosa nguvu kwa muda mrefu hufa polepole, na zile za nyuma ya kichwa zinazotushikia mizani zikifa, mtu hutembea kama amelewa. Akasema wataalamu wanachunguza kama hitilafu za namna hii zinahusika pia na ugonjwa wa kutetemeka na ule wa wazee kusahau, ila huko bado kuna mengi hayajulikani. Akakutoa damu na kipande kidogo cha nyama ya paja, vikapelekwa nje ya nchi. Akatuomba subira.

Tulipokuwa tukisubiri, uchaguzi ukaja, na Januari ikaja na ghasia zake. Sitaandika mengi. Barabara zilifungwa, na moshi ulionekana kutoka dirishani kwetu. Wewe hukuwa unasikia milio ya risasi, kwa hiyo ulikuwa unaangalia uso wangu. Nikagundua kwamba kama uso wangu ungetulia, nawe ungetulia, na Njeri pia angetulia kwa kukuona wewe. Basi nikajifunza kutuliza uso. Siku zile ulimfundisha Njeri kupiga msasa. Wewe ulishika kibao kwa mikono miwili ili kisicheze, yeye akasugua, na sebule yangu yote ikajaa vumbi la mbao, na sikuwaambia kitu.

Majibu yalikuja Machi. Ulikataa kubaki nyumbani. "Ni damu yangu," ulisema, "nitaisikia mwenyewe," ukacheka kwa sababu ya hilo neno kusikia.

Daktari alithibitisha. Alipoona hushiki maneno yake yote, aliandika kwa herufi kubwa mambo aliyotaka ujue. Kwamba hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu, ila sukari na moyo vitaangaliwa. Kwamba si pombe, si laana. Kisha sentensi moja zaidi, ambayo kwake ilikuwa maelezo ya kawaida tu: *Mwanamume anaweza kuugua, lakini hawapitishii watoto wake.*

Uliisoma ukifuata kwa kidole. Ukarudi mwanzo, ukaisoma tena.

"Hata mmoja?" uliuliza.

Daktari akatikisa kichwa. "Hata mmoja, mzee."

"Basi ningeoa."

Yeye hakujua. Alitabasamu, akakuandikia: *Ndiyo, bila wasiwasi.*

Tulikaa kwenye benchi la nje tukingoja Mwangi alete gari, na hapo ndipo uliponiambia. Ulikuwa na miaka ishirini na minane masikio yalipoanza kuvuma. Ulimkumbuka Shosho na kuta zake. Ukamwangalia Nyambura aliyekuwa akikushonea shati la kwenda kwa wazazi wake, ukaamua. "Nilisema nyumba hii ya wagonjwa ifungwe na mimi. Nisizae mtoto wa kushika kuta." Hukulia. Ulikuwa ukipapasa ile karatasi tu kwenye goti, ukiinyoosha. Halafu ulisimamisha mkono, ukanigeukia, na macho yako yakabadilika.

"Na wewe, Wanjiru? Wewe ni mwanamke."

Ulikuwa umetoka tu kuambiwa kwamba ulijinyima maisha bure, na mtu wa kwanza uliyemfikiria ni mimi. Nilikujibu kwamba tutaliangalia baadaye. Nikafurahi gari lilipofika.

Aprili mwalimu mwenzangu aliyekuwa akijitolea kwa wakimbizi wa ghasia zile, waliopiga kambi katika uwanja wa maonyesho, alinitajia fundi cherehani mmoja aliyetoka upande wa Molo, mjane mwenye wajukuu wawili, anayewachekesha hata watu waliopoteza kila kitu. Nikauliza jina. Nikaja kukuambia. Ulikwenda kunyoa ndevu, ukajikata mara mbili, ukavaa koti.

Mvua ilikuwa imenyesha na njia kati ya mahema zilikuwa tope tupu. Ulikuwa na fimbo mkono mmoja na bega langu mkono wa pili, na bado ulikuwa ukiyumba. Kijana wa langoni akanivuta kando. "Madhee, huyu mzee ako na maji kichwani. Hawezi ingia hivyo." Nikamwambia, "Ni mgonjwa, na hajaonja pombe maisha yake yote." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kijana akaomba msamaha, akatushika mkono hadi tukavuka tope.

Nyambura alikuwa amekaa kwenye jerikeni la maji nje ya hema akichagua maharagwe kwenye ungo. Aliinua macho, akakutazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kariuki."

"Nimekuja kukwambia kwa nini," ulisema. Ulikuwa umelifanyia mazoezi neno hilo njia nzima.

"Baada ya miaka ishirini na mitatu?" Akakuwekea ndoo ukae. "Nilijua kwa nini. Ulipata mwingine."

"Nini?"

"NILISEMA ULIPATA MWINGINE!"

Mstari mzima wa mahema ukageuka. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga chapati akaacha ikaungua. Lakini wewe hukuona mtu mwingine pale. Ulimwambia kwamba hakukuwa na mwingine, hakuwahi kuwepo. Ukamweleza kuhusu Shosho, masikio, uamuzi wako, na ile karatasi, ambayo ulikuwa umeibeba kwenye mfuko wa koti ukampa aisome. Yeye alikuwa anaendelea kuchagua maharagwe, mabaya huku, mazuri huku. Aliposoma karatasi aliuweka ungo chini.

"Kwa hivyo ulikaa chini ukaamua peke yako. Maisha yako na yangu, yote mawili."

"Niliogopa kukuletea watoto wagonjwa."

"Ungeniuliza. Nilikuwa na akili, nilikuwa na mdomo. Ungeniuliza, Kariuki." Kisha sauti yake ikashuka, akasema kama anayejisemea, "Mimi sikuwa natafuta watoto. Nilikuwa nakutaka wewe."

Hukusikia. Uliona midomo ikicheza, ukanigeukia ukingoja nikurudishie, kama nilivyokuwa nikikurudishia maneno ya madaktari na ya wauza duka. Nimesimama mbele ya madarasa ya wanafunzi hamsini bila woga, Mjomba, lakini sijawahi kupewa sentensi nzito kama ile. Nikainama mbele ya uso wako.

"Anasema alikuwa anakutaka wewe."

Ndipo ulipolia. Naye Nyambura akatoa leso yake kiunoni, akakupangusa pua kama mtoto, huku akikukaripia kwamba umejikata ndevu vibaya.

Mlipata miezi sita. Alipopata chumba cha kupanga mjini, alikuwa anakuja kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, anakaa mbele yako goti kwa goti ili usome midomo yake, na mnabishana kuhusu watu wa Elburgon waliokufa zamani. Nikiwa naosha vyombo nilisikia kicheko chake, na baada ya kicheko chake chako, kimechelewa kidogo, kwa sababu ulikuwa unasubiri maneno yafike. Sijui kama miezi sita inaweza kulipa miaka ishirini na mitatu. Nadhani haiwezi. Lakini nilikuona ukinenepa uso wakati mwili wote ulikuwa ukikonda.

Oktoba moyo wako ulichoka. Daktari alikuwa ametuonya. Ulituaga mchana, Nyambura akiwa upande mmoja na mimi upande wa pili, na hukusema neno lolote la kuandikwa. Uliomba tu mto uinuliwe.

Sasa yangu.

Kabla hujaondoka ulikuwa umenisumbua hadi nikakubali kutolewa damu. Majibu yalifika Novemba, wewe ukiwa umeshalala Elburgon karibu na dada yako. Ninalo kosa lile lile, Mjomba. Kiasi chake katika damu ni kidogo kuliko chako, na daktari anasema kila mtu hupewa fungu lake na hakuna awezaye kutabiri kwa uhakika. Anasema pia Njeri bila shaka amepokea fungu fulani, na tumngoje akue aamue mwenyewe kama anataka kupimwa. Naona ajabu kwamba sina hasira na Shosho, wala na Mama. Walinipa walichokuwa nacho. Nikimsuka Njeri nywele asubuhi, mikono yangu inakwenda kama ya Mama ilivyokuwa ikienda kichwani mwangu, na sijui nitatenganishaje kimoja na kingine.

Lakini kuna jambo ambalo nimelionea aibu. Majibu yale niliyaficha wiki tatu kati ya karatasi za mitihani. Wewe unajua mimi na Mwangi tumekuwa tukitamani mtoto wa pili. Nikaanza kupanga uongo: nitamwambia nimechoka, nitamwambia shule ina kazi nyingi, nitamwambia mmoja anatosha. Nilikuwa naamua peke yangu, na nilijisifu kwamba ninamkinga.

Nyambura bado anakuja Alhamisi. Wiki mbili zilizopita alinitazama nikimwaga chai nje ya kikombe, akaniuliza, "Umeshajua, sivyo?" Nikaitikia kwa kichwa. "Na Mwangi?" Nikafuta chai iliyomwagika. Hakunihubiria. Alichukua kitana mezani, akamketisha Njeri kati ya magoti yake. "Mimi niko na mtoto," alisema. "Enda."

Mwangi alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza banda la kuku. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, bila kupumzika, kama mwanafunzi anayesoma shairi la kukariri. Kosa, fungu langu, Njeri, mtoto wa pili ambaye huenda akawa mzima au huenda akashika kuta. Alishusha nyundo. Alikaa kwenye gogo kwa muda mrefu akitazama kuku. Nikafikiri, sasa ataondoka. Kisha akaniuliza kitu kimoja.

"Ni sikio gani linalovuma?"

Sikuwahi kumwambia kwamba kuna sikio linalovuma.

"La kushoto," nikasema.

Akainuka, akazunguka, akaja kusimama upande wangu wa kulia. Kuhusu mtoto hatujaamua, tutaamua wawili. Lakini tangu siku hiyo, kanisani, mezani, tukitembea kwenda dukani, Mwangi yuko kulia kwangu, na hajawahi kusema kwa nini.

Pumzika, Mjomba. Wasalimie Mama na Shosho, na mwambie Babu kwamba mti ule haukuwa na neno naye.

Mpwa wako akupendaye,
Wanjiru, binti wa dada yako
Kiamunyi, Desemba 2008